Taa za chupa zilizotutia aibu Suguti



Msimu wa harusi umeingia na swali ni lile lile. Zile taa za chupa, za maji na mafuta, ambazo matone ya rangi yanapanda na kushuka humo ndani kama yana roho, zinatengenezwaje? Na mbona zetu zimekuwa kama supu? Supu hiyo tunaijua. Tumeipika kwa mikono yetu wenyewe, tena ugenini, nyumbani kwa mavyaa wa mdogo wetu, na kwa mafuta yasiyokuwa yetu. Tumekaa na kisa hichi kwa miezi kadhaa kwa sababu ya aibu. Bi harusi mwenyewe ndiye aliyetuambia tukisimulie, kwa hiyo ruhusa tunayo. Mara hii tuliomba.

Tulikuwa wanawake sita tukimsindikiza mdogo wetu kwa mumewe. Nikaha ilifungwa Unguja, alhamdulillah, na karamu ya walima ikawa upande wa bwana harusi, kwao Suguti, Musoma Vijijini, mkoa wa Mara. Kwa asiyepajua, Suguti ni ufukweni, lakini si ufukwe wetu huu wa chumvi. Ni Ziwa Victoria, maji matamu, na unasimama ukingoni huoni ng'ambo. Tulivuka na boti hadi Dar es Salaam, tukapanda basi la Dodoma, Singida, Shinyanga, tukalala Mwanza, asubuhi tukaendelea kupitia Bunda. Sita sisi, na mabegi yetu yalikuwa na vitu viwili tu vya maana: nguo za bi harusi na chupa ishirini za kioo tulizozifunga moja moja ndani ya khanga.

Chupa hizo tulizibuni miezi miwili nyuma. Kila meza moja, kila chupa nusu lita, chini maji yenye rangi ya buluu ya bahari, juu mafuta, na chini kabisa tochi ndogo ya kumulika. Tuliziona katika video moja ya dakika mbili na zikatupendeza. Hesabu tulipiga: robo ya chupa maji, robo tatu mafuta, kwa hiyo chupa ishirini zinataka lita saba na nusu za mafuta ya kula. Tulilisema hilo kama jambo la kawaida. Lita saba na nusu! Na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza baada ya karamu mafuta hayo yataenda wapi.

Singida barabarani wanauza mafuta ya alizeti, madumu yamepangwa kando ya njia yanang'aa juani kama asali. Tukanunua lita tano. Tukasema nyingine tutazipata huko huko.

Usiku ule wa Mwanza ndipo tulipofanya kosa la kwanza. Kwa kutaka kupunguza kazi, tulijaza chupa tano pale nyumba ya wageni, maji na mafuta pamoja, tukazifunga vizuri. Chupa zenyewe tulikuwa tumeziosha kwa sabuni ya maji, tukazisuuza mara moja kwa haraka. Kesho yake barabara ikazitikisa. Tulipozifungua Suguti, zilikuwa nyeupe kama tui la kwanza. Mafuta na maji kwa kawaida havichanganyiki, kila mmoja wetu analijua hilo tangu jikoni kwa mama yake, lakini ukivitikisa sana mafuta yanakatika vipande vidogo sana, na kama kuna sabuni kidogo ndani, ile sabuni inashika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine, haviachani tena. Ndiyo kazi ya sabuni, ndivyo inavyotoa mafuta kwenye sahani. Chupa iliyotikiswa bila sabuni ukiiacha itulie kwa saa kadhaa inatengana yenyewe. Yenye sabuni utasubiri mpaka uchoke. Kwa hiyo msijaze chupa kabla ya safari, na mkisha kuziosha zisuuzeni kwa maji ya moto mara tatu, mara ya mwisho mtie siki kidogo, kisha zikaukieni kabisa.

Tulifika Alkhamis jioni. Mavyaa alitupokea kwa kutushika mikono kila mmoja, "Karibuni binti zangu, poleni na njia," tukaamkia shikamoo, tukapewa maji ya kuoga ya moto kwa sababu ilikuwa mwezi wa saba na kule, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku una baridi ambayo sisi wa kisiwani hatukuijia na nguo zake. Ni mwanamke wa maneno machache. Anakaanga samaki na mandazi, anauza asubuhi kwa wanaorudi ziwani. Jikoni kwake kulikuwa na ndoo ya mafuta ya lita 20, mpya, imefungwa. Tuliiona. Kila mmoja wetu aliiona.

Siku ya Ijumaa baada ya swala ya laasiri tulijifungia katika chumba cha nyuma, tukatandika mkeka, tukaanza. Karamu ilikuwa Jumamosi adhuhuri.

Tulitia maji kwenye chupa, tukamimina mafuta ya Singida taratibu juu yake, tukadondosha rangi. Rangi ile tuliinunua mjini Unguja kwenye duka la vitu vya keki, buluu nzuri, ghali. Ilidondoka kwenye mafuta na badala ya kushuka mpaka kwenye maji ikaenea pale pale juu. Maji yakabaki meupe, mafuta yakawa ya buluu. Tukasoma kichupa vizuri kwa miwani ya shangazi yetu: ni rangi ya chokoleti. Chokoleti ina mafuta, na rangi yake imetengenezwa iungane na mafuta. Mnayoitaka nyinyi ni rangi ya maji, ile ambayo ukiidondosha kwenye mafuta inabaki tone la mviringo kama shanga, inashuka polepole, inakaa kidogo juu ya maji, kisha inapasuka na kuenea. Hii ya kawaida inapatikana kila duka. Hata rangi ya biriani ya unga, ile ya machungwa, ni rangi ya maji na inafanya kazi vizuri sana. Tulikuwa nayo kwenye begi la viungo siku zote hizo.

Chupa tatu zikawa zimeharibika hivyo. Kwenye ya nne tulitia wino wa rangi ya maji tulioazima kwa mtoto wa skuli. Hapo rangi ilishuka vizuri, ila buluu yetu ilionekana kijani. Mafuta ya alizeti yasiyosafishwa kiwandani yana umanjano wake, na ukiangalia buluu kupitia manjano unapata kijani cha maji ya kisima. Bi harusi alikuwa ametaka buluu. Nguo za meza zilikuwa buluu. Tukatazamana.

Mmoja wetu, na hatusemi nani kwa sababu wote tulikubali, akasema yale mafuta ya kwenye ndoo ni meupe.

Ni kweli yalikuwa meupe. Mchana ule, kwenye joto, yalikuwa safi kama maji. Tukachota lita tatu kwa jagi, tukisema tutamwambia mavyaa akirudi kutoka dukani. Alirudi, akawa na wageni, hatukumwambia. Magharibi ikaingia, tukaswali, tukarudi kujaza chupa. Tukachota tatu nyingine. Sita.

Baada ya isha chupa zilikuwa zimepangwa ukutani na zote zina ukungu. Hatukuelewa. Zilikuwa safi wakati tunazijaza! Tulipozikaribia tukaona punje nyeupe ndogo ndogo zinazagaa kama semolina, na chini ya mafuta kumeanza kutulia tabaka zito. Ni mafuta ya mawese yaliyosafishwa, yale ya bei nafuu ambayo asubuhi za baridi unayakuta yameganda na inabidi dumu liwekwe juani. Unguja huyaoni yakiganda mara nyingi. Suguti mwezi wa saba, saa nne usiku, yanaganda mbele ya macho yako. Dawa yake ni nyepesi, ikalisheni chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na yatakuwa safi tena, lakini yakipoa yanarudi. Kwa taa hizi tafuteni alizeti iliyosafishwa kiwandani. Haina rangi kubwa na haigandi kwa baridi za kwetu.

Hapo tukawa tumekata tamaa, na watu waliokata tamaa hufikiri vibaya. Mmoja akasema tuachane na mafuta, tutengeneze kama ile ya dukani, tuyeyushe mishumaa, tutie ndani ya chupa na spiriti, tuweke juu ya jiko la mkaa. Alhamdulillah kulikuwa na mmoja kati yetu aliyewahi kusoma habari za taa hizo.

Ile ya dukani, wanayoiita taa ya lava, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1963 na bwana mmoja aitwaye Edward Craven Walker, kiwanda chake kikiwa mji wa Poole. Ndani yake kuna nta na maji maalumu, na ujuzi wote uko katika uzito: nta ikiwa baridi ni nzito kidogo kuliko maji yake, ikipashwa na balbu ya chini inatanuka, inakuwa nyepesi, inapanda, ikifika juu inapoa, inashuka. Tofauti hiyo ya uzito ni ndogo mno, inapimwa kiwandani, si kitu cha kukadiria kwa kijiko. Na balbu yake ni ya joto la pole pole, taa inachukua saa nzima au mbili kuamka. Mwaka 2004 huko Marekani, mji wa Kent katika jimbo la Washington, kijana mmoja alitaka kuiharakisha yake akaiweka juu ya jiko la jikoni. Ilipasuka na kipande cha kioo kikamuua. Chupa iliyofungwa ikipata moto ni bomu, na spiriti juu ya mkaa ni zaidi ya bomu. Tafadhali, mabibi harusi wetu, hili msilijaribu, wala msimruhusu kaka yenu anayejua kila kitu alijaribu.

Yetu ilikuwa ni ile ya mafuta, isiyotaka moto, na jambo linaloiendesha ni gesi. Lita ya mafuta ya kula ina uzito wa kama gramu 920, lita ya maji gramu 1,000, ndiyo maana maji hukaa chini. Ukitia kitu kinachotoa povu ndani ya maji hayo, gesi inajishika na tone la maji, inalibeba kupita kwenye mafuta, ikifika juu inatoka hewani, na tone likishaachwa peke yake linarudi chini. Wazungu hutumia vidonge vya kuchemka majini. Sisi tulikuwa na Eno, unga, pakiti kumi.

Unga na kidonge si sawa, na hilo tulilijua usiku huo. Kidonge kinayeyuka kidogo kidogo, kipande kimoja kinakupa dakika mbili tatu za matone mazuri. Unga wa Eno ukifika kwenye maji unachemka wote kwa mara moja. Tulitia pakiti nzima. Povu likapanda, likafurika shingoni mwa chupa, na yule aliyekuwa karibu, kwa kuogopa mkeka wa watu, akachukua kifuniko akaifunga.

Tulihesabu hatujafika tano. Kifuniko kiliruka kikagonga bati, mafuta yakamwagika mkekani, ukutani, na kwenye upindo wa shela ya bi harusi iliyokuwa imetundikwa mlangoni. Sauti ile iliamsha nyumba.

Mavyaa aliingia na tochi. Alimulika chupa moja moja, zote, za buluu, za kijani, za ukungu, na zile tano za tui. Akaimulika jagi. Akainama akagusa mkeka kwa kidole, akakinusa kidole.

"Haya ni mafuta yangu?"

"Ndiyo, mama. Tusamehe, mama. Tulikuwa tukuambie."

"Yatakuwa chakula?"

Hakuna aliyejibu. Akatuambia tulale, kesho kuna kazi, akafunga mlango polepole. Angetupigia kelele tungepumua.

Bi harusi alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. Mavyaa alipoondoka aliingia, akakaa juu ya mkeka ule ule wenye mafuta, akasema kwa sauti ya chini: "Nyinyi Jumatatu mnaondoka. Mie nabaki hapa."

Maneno hayo bado tunayasikia. Sisi tuliotumwa na mama yetu tumpeleke kwa heshima, tumpambe, tumkalishe vizuri kwa watu, tulikuwa tumemfungulia maisha yake mapya kwa kuiba. Tunalitamka neno hilo kwa sababu usiku ule hatukulitamka, tulikuwa tukisema "tulichukua". Aya zile za Surat Al-Israa, ya 26 na ya 27, kuhusu wafujaji na wao ni ndugu wa nani, tumezihifadhi tangu chuoni tukiwa na miaka tisa. Lakini ufujaji tuliufikiria kuwa ni wa watu wenye mali nyingi. Hatukuwahi kufikiri kuwa mapambo ya chupa ishirini ni ufujaji, kwa sababu ni harusi, na kwenye harusi kila kitu tunakipa jina la furaha. Na hata hilo la ufujaji lilikuja la pili. Mafuta yangekuwa yametoka vizuri, yamependeza, watu wamepiga picha, bado yalikuwa mafuta ya mtu aliyekuwa hajaulizwa.

Shangazi yetu, aliye mkubwa kwetu sote, hakulala. Kabla ya alfajiri alikwenda jikoni. Tulimsikia akiomba radhi kwa jina la kila mmoja wetu, akasema tutalipa ndoo nzima kutoka Musoma mjini, kisha kimya kirefu, kisha sauti ya mavyaa: "Pesa baadaye, dada. Kwanza tuyaokoe mafuta."

Na aliyaokoa. Tulipomaliza kuswali tulimkuta ameshazipanga chupa zote kwenye beseni la maji ya moto. Mawese yakayeyuka, yakawa safi, maji ya rangi yakatulia chini. Akayamimina ya juu taratibu kupitia kitambaa, akaacha kidole kimoja cha mafuta kisiguse maji, akayaacha yatulie tena kwenye sufuria pana, akachota ya juu tena. Kisha moto mdogo sana, sufuria wazi bila kifuniko. Yakaanza kulia vip vip, maji yaliyobaki yakitoka, akasubiri mpaka kilio kikakoma kabisa. "Samaki huja na maji kila siku," alisema, akimaanisha kwamba kutoa maji kwenye mafuta ndiyo kazi yake. Rangi ya wino ilibaki na maji, Eno ikabaki na maji. Katika lita sita zake zilirudi tano na kidogo, na mandazi ya walima yalikaangwa kwa hayo. Angalizo kwenu: fanyeni hivi ikiwa tu mna hakika kila kilichoingia chupani ni cha kuliwa, na kamwe msiweke motoni mafuta yenye maji yanayoonekana chini, yatawarukia.

Yale yenye sabuni hayakuwa na dawa. Mzee mmoja jirani aliyaomba akapakie mipini ya majembe. Yale ya buluu ya chokoleti, kama lita moja, hakuna aliyetaka kuyala ingawa yanalika, na hapo shangazi yetu akasema niletee glasi.

Bibi zetu, kabla ya umeme haujafika shamba, waliwasha mafuta ya nazi juu ya maji. Glasi, maji mpaka karibu na juu, mafuta kidole kimoja, utambi wa pamba uliosokotwa mkononi, waya mwembamba uliokunjwa ukaning'inia ukingoni kuushika utambi. Mafuta yakiisha utambi unagusa maji, moto unazimika wenyewe, kwa hiyo hata ukisinzia. Alizitengeneza kumi na mbili. Zote pamoja zilikula chini ya nusu lita ya yale mafuta ya buluu. Mwanzo zilitoa masizi kidogo, rangi ile ilikuwa inaziba pamba, tukakata ncha za utambi na zikatulia. Tuliziweka juu ya rafu na madirishani, mbali na mashela na mabuibui, na mtu mmoja alipewa kazi ya kuzitazama tu. Mmoja wetu akasema tazama, shubaka, kioo, taa na mafuta, ni aya ya 35 ya Surat An-Nur hii. Shangazi akamwambia ile ni mafuta ya mzaituni, hii ni chokoleti, tusijipe makubwa.

Karamu ilikuwa ya mchana, kwa hiyo glasi hizo ziliwashwa jioni wakati wageni wa mbali wamebaki. Mwezi ulikuwa wa giza. Nje, ziwani, wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha taa zao juu ya maji, maana dagaa huvutwa na mwanga na usiku wa mbalamwezi hawavuliwi. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi ni za betri na sola. Ukitoka mlangoni unaona mji mzima umejengwa juu ya ziwa, mamia ya taa zinacheza. Tulisafiri siku mbili na chupa ishirini za kupambia usiku wa watu wenye hiyo mbele ya nyumba yao.

Lakini chupa moja tulitengeneza, Jumapili, kwa ruhusa, na kwa nusu lita ya alizeti safi tuliyoinunua dukani kwa pesa zetu. Watoto wa nyumba ile walikuwa wamesikia mlipuko na walitaka kujua. Na hii ndiyo iliyokubali, ndiyo tunayoipendekeza kwenu.

Chupa kavu kabisa. Vijiko viwili vya bekingi soda chini, visambaratike sawasawa. Mafuta yamiminwe taratibu ubavuni mwa chupa ili soda isivurugike, yaishie vidole vitatu chini ya shingo. Pembeni, kwenye kikombe, siki iliyotiwa rangi ya biriani. Mnaichukua siki kwa sirinji isiyo na sindano, sisi tulitumia ile tunayojazia hina, mnadondosha tone moja moja. Tone linashuka kama ushanga, linagusa soda, linatulia kidogo, linaota povu, linapanda, linapasukia juu, linashuka tena. Anayeendesha ni mkono wako, si pakiti inayochemka yote kwa pamoja. Matone yakining'inia katikati bila kushuka, mafuta ni mazito kwa baridi, wekeni chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Matone yakishuka yasipande, soda imekwisha au imegandamana, ikoroge kwa kijiti. Povu likizidi, umedondosha kwa pupa. Tochi ya simu iwe chini, chumba kiwe na giza. Kifuniko kitupeni mbali kabisa, msiwe nacho chumbani.

Na chupa moja inatosha, mbele ya bi harusi, mtu akaidondoshee wageni wakimzunguka. Ukumbi wa chupa arobaini kila moja na mafuta yake, tumetoka kwenye kuushauri.

Ndoo ya mafuta ilifika Jumapili hiyo hiyo kwa bodaboda kutoka mjini. Mavyaa aliipokea, hakujifanya kukataa, nasi tulimpenda kwa hilo. Akaifungua, akachota kikombe, akakaanga samaki tuliokula wote jioni ile sinia moja, sisi sita, yeye na bi harusi wetu, aliyekaa ubavuni mwake akimchambulia miiba.

Shela ilitoka doa kwa unga wa mahindi uliolazwa usiku kucha kisha sabuni ya mche. Chupa kumi na tisa tulirudi nazo. Ya ishirini iko Suguti juu ya kabati la mavyaa. Bi harusi anatuambia watoto hupewa kila Ijumaa baada ya laasiri, tone moja kila mtoto kwa foleni, kwa mafuta yale yale ya nusu lita, na funguo za kabati anazo yeye.

Wassalaam alaykum.